Kijiji cha Nukta

Mwalimu alikuwa mtu asiyetulia. Najaribu kumkumbuka akiwa ameketi kama watu wengine, mgongo kwenye kiti na miguu chini, nashindwa. Hata alipokuwa kwenye kompyuta ya dukani kwangu alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa, goti likirukaruka mpaka meza ikatetemeka na kikombe cha kalamu kikaanza safari ya kwenda ukingoni. Nilikidaka kikombe kile mpaka nikazoea. "Mwalimu, nakuheshimu sana," nilikuwa namwambia, "lakini hiyo meza ni yangu." Alicheka, goti likatulia kidogo, kisha likaendelea na kazi yake.

Duka langu liko karibu na stendi ya Shinyanga mjini, chumba kimoja cha kutolea fotokopi na kuchapa barua za watu, kwenye jengo la mzee mmoja wa Kihindi ambaye mwenyewe anauza mabati na misumari mlango wa pili. Mwalimu alianza kuja baada ya kustaafu. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi, halafu kompyuta katika chuo kimoja cha hapa mjini, na sasa kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa imekufa. Aliomba atumie ile yangu ya pembeni mchana, wateja wanapopungua. Nikadhani anataka kuandika wasia. Kumbe alikuwa na watu wake.

Watu wenyewe walikuwa nukta. Aliandika mistari ya maneno nisiyoyaelewa, kisha skrini ikajaa nukta zinazotembea: nyekundu ni wazee, za buluu ni vijana, za kijani ni akina mama wenye mizigo. Kila nukta aliipa kanuni chache. Ikikutana na mkubwa wake isimame iamkie. Ikikuta njia nyembamba ipishe, au isipishe. Ikisikia habari impelekee jirani, au inyamaze. Halafu alibonyeza kitufe na kusema neno lake, "Tuwaache watembee, tuone." Hakujali sana nukta moja inafanya nini. Alitaka kuona kijiji kizima kinakuwaje pale kila mtu anapofuata vijikanuni vyake vya kila siku, vile tusivyovifikiria kabisa: nani anaanza salamu, nani anapisha, nani anajifanya hajamwona mwenzake. Mtaani walisema Mwalimu kazeeka vibaya, anacheza gemu. Mwanzoni na mimi nilisema hivyo hivyo, nisijitoe.

Kanuni alikuwa anaziokota barabarani. Ungemkuta asubuhi amesimama penye mtaro wa sokoni, pale walipoweka ubao wa kuvukia, anatazama watu wanavyopishana. Bodaboda wakaanza kumshuku. Mmoja alimuuliza mbele yangu, "Mzee, unamtafuta nani hapa kila siku?" Mwalimu akamjibu bila kumtazama, "Namtafuta anayepisha." Yule kijana akanigeukia mimi kana kwamba Mwalimu ni mgonjwa wangu. Lakini siku hiyohiyo Mwalimu aliingia dukani mbio, akaniambia amegundua kuwa watu wasiojuana wanavuka ule ubao upesi kuliko marafiki. Wanaojuana wanasimama huku na huku, "Pita wewe," "Hapana, tangulia wewe," na nyuma yao watu wanajaa na magunia vichwani. Akaiweka hiyo kwenye kijiji chake. Nukta zilizokuwa marafiki zikaganda mwanzoni mwa ubao, huku na huku, na kijiji kizima kikasimama kwa sababu ya adabu. Nilicheka mpaka mteja mmoja akadhani namcheka yeye.

Hata mwenye nyumba wetu alinaswa. Alikuja siku moja kuangalia bomba linalovuja, akakuta Mwalimu amejenga duka kijijini: nukta zinaingia, zinanunua, zinatoka. Mzee akaiinamia skrini, miwani imeshuka puani.

"Mwalimu, hawa wateja wako hawaombi kupunguziwa?"

Mwalimu akaduwaa.

"Na hawaulizi habari za mke wangu? Hawasemi nitarudi kesho?"

Kesho yake nukta zote zilikuwa zinaomba kupunguziwa na kuulizana habari za nyumbani, na hakuna hata moja iliyotoka dukani. Duka likajaa mpaka kompyuta yangu ikakwama, nikalazimika kuizima na kuiwasha. Mwenye nyumba alipoelezwa alifurahi sana. "Sasa hilo ni duka langu," alisema.

Cha ajabu, mtu huyu wa kuchunguza salamu za watu hakujua kusalimia. Aliweza kukupita barabarani midomo inacheza, anakutazama usoni na hakuoni, kwa sababu anahesabu jinsi wengine wanavyosalimiana. Mama yangu alipokuja kutoka kijijini alimkuta dukani, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, bhabha," kwa ile sauti ya kuvuta inayotaka ujibiwe bila haraka. Mwalimu akamjibu, "Habari za mchana, mama," kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Msukuma wa kuzaliwa huyo, na lafudhi inamsuta. Mama alinuna mpaka jioni. Aliniuliza huyo bwana kasomea wapi kusahau.

Nyumbani kwake kilugha kilikuwa marufuku. Alilea kwa Kiswahili sanifu na kwa shikamoo. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na alinisimulia kwa fahari kwamba mtoto huyo alipokuwa mdogo, akiingia sebuleni asubuhi bila kuamkia, alirudishwa nje na mlango ukafungwa. Abishe hodi upya, aingie upya, aseme shikamoo.

"Hata mvua ikinyesha?" nikamuuliza.

"Hata mvua ikinyesha."

Nikamwambia huo ni ukatili. Akasema hiyo ni kanuni, na kwamba mwanawe aliijua kanuni hiyo kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule. Nilimkasirikia kwelikweli. Nilizima feni makusudi, nikamwacha atokwe jasho na nukta zake.

Sasa nikisema huku kwetu watu hawatulii, siyo Mwalimu peke yake. Panatokea rashi, yaani mtu mmoja anasema dhahabu imeonekana porini mahali fulani, na kabla jua halijazama fundi cherehani kafunga banda, muuza chipsi kabeba jiko lake, na pikipiki zote zinaelekea upande mmoja. Mwalimu alipokuwa bado chuoni alilitengenezea jambo hilo kijiji chake. Nukta moja inasikia uvumi. Zilizobaki alizipa akili, zinajua kuwa habari ni ya uongo, ila zikiona majirani wanakimbia, nazo zinakimbia. Skrini nzima ilihamia pembeni. Aliwaonyesha wanafunzi wake ili wauone huo upumbavu kwa macho. Mwanawe alikuwa mmoja wao, amekaa benchi la nyuma. Muhula haukuisha, rashi ya kweli ikatokea upande wa Bulyanhulu, na mwanawe akaondoka na wenzake.

Akifika hapo katika kusimulia, Mwalimu alikuwa anainuka, anakwenda mlangoni, anatazama stendi, anarudi, anainuka tena. "Nilimwonyesha mwenyewe," alisema. "Nilimwonyesha pa kukimbilia." Nikampa chai, nayo akaiacha ikapoa.

Kilichotokea alipomfuata kule machimboni nilikipata kwa vipande, na kila kipande kilianzia katikati. Nikiviunganisha vinakuwa hivi. Mwanawe alikuwa hapigi simu na yake haipatikani. Mwalimu akapanda pikipiki mpaka kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, akawa anapita kila duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, akiuliza habari za kijana wa Shinyanga mrefu, mwenye kovu dogo kidevuni. Wachimbaji hawapendi maswali. Hatimaye mmoja akamwonyesha kwa kidole mahali penye karasha, ile mashine ya kusagia mawe.

"Kamuulize mzee pale. Huyo anawajua wote."

Machimboni mzee siyo umri. Mzee ni mwenye duara, hata kama ndevu hazijamwota sawasawa. Mwalimu hakulijua hilo, yeye mwenye kuchunguza watu. Alichokiona ni mtu aliyeinama kwenye kiti cha plastiki, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, na watu wamemzunguka wakisubiri neno lake. Vumbi la karasha humzeesha kila mtu. Mwalimu akavua kofia, akainamisha kichwa kama tulivyolelewa, akasema, "Shikamoo, mzee."

Yule mtu akainua uso. Akawatupia jicho waliomzunguka. Kisha akaitikia, "Marahaba."

Hapo ndipo Mwalimu alipoijua sauti. Alikuwa amemwamkia mwanawe mwenyewe, na mwanawe ameipokea. Waliokuwa pale hawakushangaa, maana kule mwenye duara huamkiwa hata na wenye mvi. Mwalimu akarudisha kofia kichwani, akageuka, akaifuata pikipiki iliyomleta. Tangu siku hiyo yeye hakutafuta tena, na mwanawe hakupiga simu wala kukanyaga Shinyanga.

"Aliipokea, Mama Neema," alikuwa ananiambia, anazunguka kati ya mashine ya fotokopi na mlango. "Angeweza kukataa. Angeweza kusema, Baba, ni mimi. Akaipokea kama haki yake."

Mtu wa mbali atasema ni neno tu. Lakini mzazi kumwamkia mwanawe ni jambo zito, wapo wanaokuambia ni laana. Nilimwonea huruma Mwalimu. Nilimwonea huruma na yule kijana pia, ila hilo sikulisema.

Baada ya hapo nikaelewa kile kijiji chake cha mwisho, kilichokuwa kinanikera kuliko vyote kwa sababu hakikuwa na kijiji ndani yake. Skrini tupu, nukta mbili. Moja nyekundu, moja ya buluu. Hakuwahi kuniambia ni akina nani, na mimi sikumuuliza. Alinieleza kanuni tu, kana kwamba tupo darasani. Mdogo ndiye anayeanza salamu. Mkubwa anasubiri. Mwenye aibu anamkwepa anayemwonea aibu. Aibu yenyewe aliipa namba, akawa anaipandisha na kuishusha. Akiifanya sifuri, ya buluu inakwenda moja kwa moja, inaamkia, imekwisha. "Hao siyo watu," alisema, akafuta. Akiipandisha sana, ya buluu inakimbilia kwenye kona na kukaa huko. Akiiweka katikati ndiyo balaa: ya buluu inasogea, inakaribia, inageuka, inasogea tena, inageuka, na ile nyekundu imesimama palepale inasubiri.

Alikitazama kitu hicho mchana kutwa. Na mimi nikaanza kukitazama. Nachapa barua ya mtu, jicho liko kule. Mteja anasema nimekosea jina lake, mimi namwambia subiri, kwa sababu safari hii ya buluu imefika karibu sana. Halafu inageuka. Nilikuwa nasonya kwa sauti. Kuna siku nilirudi nyumbani nikashindwa kula, nawaza vile vinukta.

Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Mwalimu, si umsogeze tu yule mwekundu?"

"Mwekundu hawezi kuanza."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni kaiweka nani?"

"Nimeiweka mimi," akasema. Akatazama vidole vyake juu ya vitufe. Nilidhani ataibadilisha. Mkono ulikwenda, ukasimama, ukarudi. Akabonyeza waanze upya. "Tuwaache watembee," akasema, na goti likaanza kupiga meza. Nilitamani nimrushie kikombe kile cha kalamu.

Muda mfupi baadaye akaacha kuja. Nilisikia anaonekana maeneo ya Ibadakuli anatembea peke yake kando ya uwanja wa ndege, nikasikia anaumwa, nikasikia kahamia kwa ndugu zake, kila mtu na lake. Kompyuta ya pembeni nikampa binti anayejifunza kuchapa. Biashara ya karatasi haikutosha, nikaongeza ya dagaa, kwa kuwa dada yangu anaishi Nkome, ziwani, na huwa ananinunulia mwaloni, pale ufukweni wanaposhusha samaki, mitumbwi inapoingia. Miezi mingi ikapita hivyo.

Asubuhi moja nafungua duka, Mwalimu huyo hapo mlangoni. Amekonda, shati jeupe limepigwa pasi, mkoba mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu! Ulipotelea wapi?"

"Marahaba. Mama Neema, unakwenda Nkome lini?"

Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa amemwambia kwamba kijana wake aliachana na machimbo, duara lilipoingia maji, na sasa ni fundi wa injini za boti kulekule Nkome. Nilikuwa nakwenda wiki ileile. Nikamuuliza anaenda kumwambia nini. Akasema haendi kumwambia kitu, anaenda kumuuliza.

"Kumuuliza nini?"

"Kwa nini aliitikia."

Nikamwambia mtu hasafiri kutoka Shinyanga mpaka ziwani kwa swali la namna hiyo, mzee mzima, atafute la heri la kuanzia. Akasema yeye hana lingine.

Tulipata gari la wafanyabiashara wa dagaa. Njia nzima sikupata raha. Kila liliposimama alishuka, akalizunguka, akapanda. Geita mjini alishuka akasema anarudi, nikamshika mkono wa shati. Alikuwa ananiuliza mambo ambayo sikuweza kuyajua: je, akikimbia? Je, akinipita kama hanijui? Je, akiwa na watu? Na mimi, niliyekuwa nimemchoka mtu huyu na kanuni zake, nikajikuta nimeogopa kuliko yeye. Niliogopa tutafika pale wasimame mbali, mmoja huku na mmoja kule, tugeuke na magunia yangu turudi, na huo ndio uwe mwisho wao.

Mwaloni palikuwa na jua kali. Dagaa wameanikwa kwenye nyavu juu ya mchanga, akina mama wanawageuza, redio mbili zinapigana kelele. Dada yangu akatuonyesha kwa kidevu boti moja iliyovutwa nchi kavu. Palikuwa na mtu ameiinamia injini, mikono myeusi kwa oili. Aliponyooka nikaona ni kijana tu, sijui nilitegemea nini. Hakuwa na hata mvi moja.

Akamwona baba yake.

Aliweka spana chini. Akatupa hatua moja kuja, akasita, akaangalia nyuma kwenye boti. Mwalimu alikuwa amesimama kando yangu anapumua kama mtu aliyepandisha mlima. Nilimsikia nikaomba Mungu kimoyomoyo, kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote. Kijana akafuta mikono kwenye suruali, akaja. Alikuja moja kwa moja, haraka, kana kwamba akipunguza mwendo hatafika.

"Shikamoo, baba."

Mwalimu hakuitikia. Nilitaka kumfinya. Alimtazama mwanawe usoni, kidevuni, machoni, kisha swali lake likamtoka.

"Kwa nini uliitikia?"

Kijana hakuuliza lini wala wapi.

"Baba, wale watu walikuwa wanatazama," akasema. "Ningesema ni mimi, wangejua baba yangu mzazi amesimama mbele yangu na hanijui. Kule wanacheka, baba. Kuna mzee alikuja kabla yako, naye alimpita mwanawe asimtambue. Walimuigiza kutembea kwake na kuongea kwake, kila siku, mpaka mwanawe akahama. Sikutaka wakuigize wewe. Nikaona bora waseme ni mzee fulani kaja kuomba kazi. Nikaitikia." Akatazama kule alikoiacha spana. "Nilikufuata mbio. Pikipiki ilikuwa imeshafika barabarani."

"Na simu?"

"Ningeanzaje, baba? Nilikuwa nimeshaipokea shikamoo yako."

Miaka yote ile, kichwani na kwenye zile nukta, Mwalimu alikuwa amempa mwanawe kiburi, akamwondolea kiburi akampa aibu, akaipandisha, akaishusha. Hakuwahi hata mara moja kumpa huruma. Niliona wazo hilo linampata, pale juani, uso ukabadilika mbele yetu, na kijana akaogopa, akamshika mkono kwa vidole vyake vya oili.

"Marahaba," Mwalimu akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikakatika. Akajaribu tena. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba."

Dada yangu alinivuta tuondoke, tuwaache. Nilipogeuka nyuma Mwalimu alikuwa bado anaitikia, na kijana alikuwa amemwamkia mara moja tu.